Marekani na Uingereza, 1812: kwa nini nchi changa ilimvaa mkoloni wake wa zamani

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wameniuliza: nchi ikishapata uhuru wake, kuna sababu gani ya kurudi vitani na mkoloni yuleyule? Nikawapa mfano wa vita vya Marekani na Uingereza vya 1812, kisha nikakwama mwenyewe. Kitabu kimoja kinasema sababu ni mabaharia waliokuwa wakikamatwa, kingine kinasema Marekani ilitaka kuiteka Kanada. Nishike lipi? Na nchi changa vile ilipata wapi ubavu wa kumkabili Mwingereza?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Vitabu vyako vyote viwili vina ukweli, ila kila kimoja kinajibu swali lake. Kile cha mabaharia kinaeleza Wamarekani walikasirishwa na nini. Kile cha Kanada, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Mwingereza, kinaeleza walipanga kumpigia wapi. Kuna swali la tatu ambalo vyote viwili vimelikwepa: hasira hizo zilikuwepo tangu miaka ya 1790, sasa kwa nini vita vije Juni 1812, na visije 1807, mwaka ambao nchi nzima ilikuwa inachemka? Mimi naamini jibu liko Washington zaidi kuliko London. Serikali ya Marekani ilikuwa imejaribu kila njia isiyo ya vita, kila njia ikaiumbua, na kufikia 1812 viongozi wake waliogopa kudharauliwa na raia wao kuliko walivyoziogopa manowari za Mwingereza.

Tuanze na hiyo hasira. Mkataba wa Paris wa 1783 uliutambua uhuru wa Marekani, lakini Waingereza waliendelea kukalia ngome kadhaa ndani ya ardhi ya nchi hiyo, Detroit na Niagara zikiwemo, hadi 1796. Hilo lilimalizwa kwa mazungumzo. La baharini ndilo lililokataa kumalizika. Tangu 1793 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa karibu bila kupumzika, na jeshi lake la majini lilifikia kuhitaji watu zaidi ya 140,000. Mshahara ulikuwa mdogo, adhabu ni mijeledi, ruhusa ya kwenda nyumbani hakuna. Mabaharia walitoroka kwa maelfu, na wengi wao waliibukia kwenye meli za biashara za Marekani, ambako malipo yalikuwa mazuri na lugha ni ileile waliyoizoea.

Basi manowari ya Kiingereza ikikutana na meli ya Marekani, ofisa anapanda na askari wake, anaamuru mabaharia wajipange kwenye sitaha, kisha anaanza kuwachambua. Anayeongea kama mtu wa Liverpool tayari ana kesi. Anayetoa cheti cha uraia, cheti kinatazamwa kwa dharau, maana kila mtu bandarini alijua kwamba vyeti hivyo hununuliwa. Na ofisa aliyepungukiwa na watu kwenye meli yake hakuwa na haraka ya kusadiki. Wamarekani wasiopungua 6,000 walichukuliwa kwa mtindo huo kabla ya vita. Yako makadirio yanayokaribia 10,000.

Ubabe huo ulikuwa na sheria nyuma yake. Kwa Uingereza, aliyezaliwa chini ya mfalme atakufa chini ya mfalme, na kuhamia nchi nyingine hakumvui utiifu huo. Marekani, kwa sheria yake ya 1802, ilimpa uraia mgeni aliyekaa nchini miaka mitano. Mtu mmoja, nchi mbili zinamdai. Kwa Wamarekani, kuikubali hoja ya London kulikuwa sawa na kukiri kwamba mfalme waliyemkataa 1776 bado ndiye anayeamua nani ni raia wao na nani si raia. Hapo ndipo jambo la mabaharia, watu maskini ambao wabunge wengi wasingekaa nao meza moja, lilipogeuka kuwa jambo la taifa zima.

Lakini tuwatendee haki na Waingereza. Mwaka 1807 Waziri wa Fedha wa Marekani, Albert Gallatin, alipiga hesabu akaona kwamba mabaharia wapatao 9,000 kwenye meli za nchi yake walikuwa Waingereza kweli. Serikali ilikuwa inafikiria kuahidi kwamba haitawaajiri tena, ili Uingereza nayo iache msako. Hesabu ile ilipotua mezani, wazo likafa. Biashara ya nje ya Marekani isingekwenda bila watu hao. Kwa hiyo Mwingereza alipolalamika kwamba anaibiwa mabaharia, hakuwa anasingizia.

Sasa huo mwaka 1807. Tarehe 22 Juni, manowari ya Marekani iitwayo Chesapeake ilitoka Norfolk, Virginia, ikielekea bahari ya Mediterania. Haikuwa tayari kupigana: sitaha ilijaa mizigo ambayo haijapangwa, na mizinga haijaandaliwa. Nje kidogo ya pwani ikasimamishwa na manowari ya Kiingereza, Leopard. Ofisa akaletwa kwa mashua na barua ya kudai watoro. Kamanda James Barron akakataa kuwatoa. Leopard ikaanza kufyatua mizinga ya ubavu mzima. Chesapeake iliweza kujibu kwa mzinga mmoja tu, uliowashwa kwa kaa la moto ambalo luteni mmoja alilichomoa jikoni akakimbia nalo. Watatu walikufa palepale, 18 wakajeruhiwa, na Waingereza wakaondoka na watu wanne. Mmoja wao, Jenkin Ratford, alikuwa Mwingereza mtoro kweli, wakamnyonga Halifax, Kanada. Watatu waliobaki walikuwa Wamarekani. Mmoja alifia mikononi mwa Waingereza, wawili walirudishwa 1812.

Ukitaka kuwasomea wanafunzi tukio moja tu, wasomee hilo. Meli ya mfanyabiashara ikipekuliwa, ni hasara ya mtu. Chesapeake ilikuwa mali ya serikali, imebeba bendera, na ilipigwa karibu na mlango wa nyumba yake.

Rais Thomas Jefferson angetaka vita siku hiyo, angevipata. Hakuvitaka. Jeshi lilikuwa dogo, na yeye na chama chake waliamini kwamba jeshi kubwa na madeni ya vita ndivyo vinavyoua jamhuri. Alikuwa na silaha nyingine aliyoiamini mno: biashara. Desemba 1807 Bunge likapitisha marufuku, hakuna meli ya Marekani kwenda kufanya biashara nchi za nje. Waliamini kwamba Uingereza ikikosa pamba na nafaka za Marekani italainika yenyewe. Mauzo ya nje yakaporomoka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808, na aliyelainika hakuwa Mwingereza. Meli zilifungwa kamba bandarini New England, mabaharia walewale waliokuwa wakitetewa wakakosa kazi, na magendo ya kuvuka Ziwa Champlain kwenda Kanada yakashamiri hadi serikali ikatuma askari kuwazuia wananchi wake. Machi 1809, siku chache kabla Jefferson hajaondoka madarakani, sheria ikafutwa.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, maana jambo lenyewe linafika hadi kwetu. Matajiri wa New England waliokosa pa kupeleka meli zao walianza kutia mitaji kwenye viwanda vya nguo, na vita vilipokuja vikaongeza kasi. Haukupita muda mrefu, meli za bandari ya Salem, Massachusetts, zikawa zinatia nanga Unguja na shehena za kitambaa cha pamba cha viwanda vya kwao. Seyyid Said akatia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na majora ya merikani yakawa yanatumika kama fedha kwenye misafara ya bara. Waambie hivyo vijana wako, hawatasinzia.

Nirudi. Aliyempokea Jefferson, James Madison, alirithi tatizo na kulizidisha. Mwaka 1810 Bunge lilibuni sheria ya ajabu: tunafungua biashara na wote wawili, Uingereza na Ufaransa, na atakayetangulia kuacha kutusumbua, tutamfungia mwenzake. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akatuma ujumbe kwamba amelegeza, huku meli za Marekani zikiendelea kukamatwa kwenye bandari alizozitawala. Madison akamwamini, au akajifanya kumwamini, akaifungia biashara Uingereza peke yake. Kuanzia hapo hakuwa na pa kurudi. Akilegeza tena bila kupata chochote, mbele ya wananchi wake ataonekana rais anayenguruma na kukaa chini.

Upande wa magharibi kulikuwa na moto mwingine kabisa. Kiongozi wa Washawnee, Tecumseh, pamoja na ndugu yake Tenskwatawa aliyeheshimiwa kama nabii, walikuwa wanayaunganisha makabila ya wenyeji wa asili yasiendelee kuuza ardhi kipande kipande. Kilichowachoma ni mkataba wa Fort Wayne wa 1809, ambao gavana wa Indiana, William Henry Harrison, aliupata kwa saini za baadhi ya machifu, na eneo la zaidi ya hekta milioni moja likaondoka. Tarehe 7 Novemba 1811 Harrison alipambana na wafuasi wao huko Tippecanoe, Tecumseh mwenyewe akiwa safarini kusini. Bunduki za Kiingereza zikaonekana, na walowezi wa mpakani hawakutaka maelezo zaidi: Mwingereza wa Kanada ndiye anayewachochea. Ukweli ni kwamba Waingereza waliwapa wenyeji chakula na baruti. Hasira ya Tecumseh hawakumpa wao. Alipewa na Harrison kwa kalamu.

Mwezi huohuo wa Novemba Bunge jipya lilikutana, na ndani yake kulikuwa na kundi la vijana lililopewa jina la mwewe wa vita. Henry Clay wa Kentucky, miaka 34, alichaguliwa Spika siku yake ya kwanza kukaa katika Baraza la Wawakilishi. John C. Calhoun wa South Carolina alizaliwa 1782, mwaka mmoja kabla ya mkataba wa Paris. Hawa ni watoto wa mapinduzi. Walikua wakisikia habari za ushujaa wa wazee wao, bila wao wenyewe kunusa baruti, na sasa wanaiona nchi waliyoachiwa ikisukumwasukumwa baharini na kubembeleza. Sidhani kwamba wanafunzi wako watahitaji msaada kuielewa hali ya kizazi kinachokuja baada ya wapigania uhuru. Wao walisema wazi kwamba heshima ya nchi imechezewa kiasi cha kutosha. Wapiga kura wao, wakulima wa pamba na tumbaku ambao bei zilikuwa zimewaangukia, walizilaumu amri za Uingereza zilizobana biashara ya Ulaya, kwa hiyo hoja ya heshima ilikuwa na mfuko nyuma yake.

Madison alipeleka malalamiko yake Bungeni tarehe 1 Juni 1812, na mabaharia ndio aliowataja mwanzo kabisa. Baraza la Wawakilishi likapiga kura 79 kwa 49. Seneti ikafuata, 19 kwa 13. Tarehe 18 Juni Rais akatia saini. Hakuna tangazo la vita katika historia ya Marekani lililopitishwa kwa tofauti ndogo kuliko hilo.

Sasa itazame kura yenyewe, maana ndiyo inayonifanya niseme jibu liko Washington. Wafederali, chama cha upinzani chenye ngome yake New England, walikataa wote bila kubakiza mtu. New England ndiko zilikotoka meli nyingi zilizokuwa zikipekuliwa na mabaharia wengi waliochukuliwa. Wenye hasara mkononi walisema tuvumilie, biashara bado inalipa. Waliopiga kura ya vita wengi walitoka kusini na magharibi, wengine katika majimbo yasiyogusa bahari kabisa. Baada ya tangazo, gavana wa Massachusetts, Caleb Strong, aligoma hata kutoa wanamgambo wa jimbo lake. Miezi michache kabla ya hapo Madison alikuwa amelipa dola 50,000 za serikali kununua barua za mtu mmoja aliyeitwa John Henry, akitarajia zitawaanika Wafederali kwamba wanakula njama na Waingereza. Hazikumtaja mtu yeyote. Serikali iliyo na uhakika na sababu zake za vita hainunui barua za namna hiyo.

Kuhusu ubavu, Mwalimu, jibu ni fupi: Mwingereza alikuwa ameshikwa kwingine. Majini alikuwa na manowari zaidi ya 500 na Marekani haikufikisha 20, lakini nyingi za Waingereza zilikuwa zinailinda Ulaya dhidi ya Napoleon, ambaye siku sita baada ya saini ya Madison alianza kuvuka kuingia Urusi. Nchi kavu, Marekani ilikuwa na watu milioni saba na zaidi, makoloni ya Kanada yakiwa na nusu milioni tu. Kanada ndiyo iliyokuwa mali ya Mwingereza pekee ambayo Mmarekani angeweza kuifikia kwa miguu. Wapo walioitamani kwa ajili yake yenyewe, hilo silikatai, ila kwa Madison ilikuwa rehani: tunaishika, kisha tunakaa mezani. Jefferson aliandika kwamba kuitwaa ni suala la kutembea tu.

Kutembea kwenyewe kulikuwa kwa aibu. Tarehe 16 Agosti 1812 Jenerali William Hull, aliyekuwa ametumwa kuingia Kanada, aliisalimisha Detroit kwa jenerali wa Kiingereza Isaac Brock na Tecumseh pasipo mapigano ya maana. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, Rais akamsamehe kwa sababu ya uzee wake na utumishi wake wa zamani. Benki ya Taifa ilikuwa imeachwa ife mwaka 1811, na kodi mpya za kulipia vita hazikupitishwa hadi 1813. Hiyo ndiyo sura ya nchi iliyoingia vitani kwa moyo ikiwa haijapiga hesabu.

Kuna jambo jingine litakalowashangaza darasani. Tarehe 23 Juni 1812, siku tano baada ya Marekani kutangaza vita, Uingereza ilizifuta zile amri za biashara. Waziri Mkuu Spencer Perceval, aliyezing'ang'ania, alikuwa ameuawa kwa risasi tarehe 11 Mei, na wenye viwanda wa Kiingereza walikuwa wanalia kwa kukosa soko la Marekani. Kwa hiyo silaha ya biashara ilikuwa imeanza kuuma, ila hakuna simu wala simu ya maandishi, habari inasafiri kwa tanga wiki kadhaa. Huwa naona waandishi wakiishia hapo, kana kwamba upepo ungekuwa mzuri vita visingetokea. Habari zilipofika, majemadari wa pande mbili mpakani wakakubaliana kusitisha mapigano. Madison akakataa. Amri zimefutwa, sawa, lakini suala la mabaharia London haijaligusa. Mtu anayetafuta njia ya kutokea angeipokea nafasi ile kwa mikono miwili.

Ukitaka mfano wa pili wa kulinganisha, chukua Tunisia. Ilipata uhuru 1956, Ufaransa ikabaki na kituo cha jeshi la majini Bizerte. Jirani Algeria damu inamwagika, na Rais Habib Bourguiba anasutwa na Waarabu wenzake kwamba ni laini kwa Mfaransa. Julai 1961 akakizingira kituo. Ufaransa ikashusha askari wa miavuli, na ndani ya siku chache Watunisia zaidi ya 600 wakauawa, Wafaransa hawakufika 30. Hata hivyo Oktoba 1963 Wafaransa wa mwisho walifungasha. Kama 1812, kuna kipande cha ukoloni kilichosahaulika ndani ya uhuru, na kuna kiongozi ambaye kukivumilia kunamgharimu nyumbani kuliko kupigana.

Mwanafunzi akikuuliza nani alishinda vita vya 1812, nisingemnyima alama anayesema sare. Waingereza waliichoma Washington tarehe 24 Agosti 1814, Ikulu ikiwemo. Amani ilitiwa saini Ghent, mji ulio Ubelgiji ya leo, tarehe 24 Desemba mwaka huo: mipaka ibaki ilivyokuwa. Mabaharia hawakutajwa hata mara moja katika mkataba. Napoleon alikuwa ameanguka Aprili, jeshi la majini la Uingereza likawa linapunguza watu badala ya kuwasaka, na jambo lililoanzisha vita likaisha lenyewe. Jenerali wa Marekani Andrew Jackson alimchapa Mwingereza New Orleans tarehe 8 Januari 1815, amani ikiwa imeshasainiwa, na ushindi huo ndio uliowafanya Wamarekani wakumbuke vita vizima kama ushindi.

Kupoteza kabisa walipoteza wenyeji wa asili. Tecumseh aliuawa Oktoba 1813, na umoja wake ukafa naye. Agosti 1814 Wacreek wa kusini walilazimishwa kutoa zaidi ya hekta milioni nane za ardhi. Uingereza, iliyokuwa imewaahidi ulinzi, iliwaacha kwenye meza ya Ghent na kifungu kimoja cha kurudishiwa walichokuwa nacho 1811, kifungu ambacho hakuna aliyekitekeleza.

Na liko kundi lililopata uhuru kwa vita hivi, ambalo ningependa lisikose katika somo lako. Aprili 1814 admirali Alexander Cochrane alitangaza kwamba yeyote anayetaka kuondoka Marekani atapokelewa kwenye meli za mfalme. Watumwa wapatao 4,000 wakatoroka, wengi kutoka mashamba ya Virginia na Maryland. Wanaume kadhaa walivaa sare na kupigana dhidi ya waliokuwa mabwana zao, na baada ya vita familia zikapewa makazi Nova Scotia na Trinidad. Serikali ya Marekani, iliyokuwa imeingia vitani kwa hoja kwamba mtu akichagua nchi yake asidaiwe na bwana wake wa zamani, iliwadai watu hao miaka mingi. Tsar wa Urusi alipewa kuamua, akaipa haki Marekani, na mwaka 1826 Uingereza ikakubali kulipa dola 1,204,960, zikagawiwa kwa wenye mashamba.